Kuku wa Ujiji na Kidonda cha Bawani

Mwewe wa Kigoma hawalali njaa. Dagaa wanapoanikwa kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, ndege hao huzunguka angani tangu asubuhi, wakishuka ghafla na kupaa na samaki. Wakiacha mwalo huingia mitaani, na huko wanachotafuta ni vifaranga. Tetea mwenye watoto hakimbii. Hutimua manyoya ya shingo, hutandaza mabawa mawili na kusimama juu ya wanawe. Vifaranga wakiokoka, mara nyingi mama ndiye anayebaki na alama ya ukucha bawani.

Mwewe si adui pekee. Paka wa jirani, mbwa wa njiani na kicheche anayepenya bandani usiku wote hushika kinachoshikika kwanza, na kwa kuku kinachoshikika kwanza ni bawa. Yapo pia madhara yanayotoka mikononi mwa watu. Kando ya Ziwa Tanganyika wavu uliochoka kuvulia hugeuzwa uzio wa banda. Kuku akiingiza bawa kwenye tundu kisha akapapatika, uzi wa nailoni hukata ngozi hadi kwenye nyama. Wengine huumia safarini, wakisongamana ndani ya tenga au wakibebwa kwa kuning'inizwa mabawa, mtindo unaoweza kuvunja mfupa kabla kuku hajafika sokoni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kuku naye ni mnyama.

Jeraha lenyewe huonekana dogo. Manyoya hulifunika, na kuku ni hodari wa kuficha maumivu, maana ndege anayeonyesha udhaifu mbele ya wenzake hudonolewa. Mwenye kuku hushtuka siku ya tatu au ya nne, bawa likiwa limeshuka, harufu imeanza na nzi wanamfuata kuku kila anakokwenda.

Hapo ndipo kisu hutajwa. Hofu ya kibudu ina nguvu Ujiji na katika miji yote ya Waswahili: bora achinjwe angali hai kuliko kufa mwenyewe akawa mzoga usiolika. Kwa kuku aliyefugwa kwa ajili ya kitoweo, hesabu hiyo inaeleweka. Lakini katika nyumba nyingi za mitaa ya Mwanga, Gungu na Buzebazeba kuna kuku mmoja asiyehesabiwa kwenye kitoweo. Ni yule aliyelelewa na mtoto tangu kifaranga, anayekula kiganjani na kuja akiitwa. Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 na kuifanya pwani hii ijulikane duniani kwa sababu ya sokwe, alikuwa akisimulia kwamba utafiti wake wa kwanza aliufanya akiwa mtoto mdogo huko Uingereza, alipojificha kwenye banda la kuku kwa saa kadhaa ili aone yai linatokea wapi. Mtoto wa Ujiji anayelia kwa ajili ya tetea wake anastahili jibu zuri kuliko sufuria.

Na jibu lipo. Majeraha mengi ya bawa yanatibika, hata yaliyokwisha kuota usaha. Kinachowaua kuku wengi wa aina hii ni kutibiwa kama binadamu mdogo, wakati mwili wa ndege umeumbwa kwa namna nyingine kabisa.

Tuanze na kushuka kwa bawa, kwa sababu dalili hiyo hudanganya. Kuku mwenye mdondo, ambao wengine huuita kideri, anaweza kushusha mabawa, kupinda shingo na kuharisha kijani. Mwenye mahepe hupooza bawa au mguu bila kuwa na jeraha lolote. Kwa hiyo manyoya yapulizwe na kupekuliwa, ngozi ionekane kutoka begani hadi nchani, juu na chini ya bawa. Pasipokuwa na kidonda, uvimbe wala mfupa uliovunjika, kazi ya bandeji haipo. Kuku huyo atengwe na wenzake, na bwana mifugo wa kata aitwe upesi, kwa sababu mdondo ukiingia mtaani hufagia mabanda yote. Chanjo yake aina ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na kustahimili joto kuliko chanjo za zamani, ni tone moja la jichoni linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Kidonda kikipatikana, rangi zake zisomwe kwa makini. Mtu akipigwa, ngozi hugeuka zambarau kisha njano. Kuku akipigwa, ngozi hugeuka kijani baada ya siku mbili tatu, kwa sababu mwili wa ndege huivunja damu iliyovilia na kuiacha katika hali ya kijani, bila kuifikisha kwenye njano kama ilivyo kwetu. Wapo kuku wanaochinjwa kwa kudhaniwa wameoza kumbe wana vilio la damu linalopona lenyewe. Nyama iliyokufa kweli huwa nyeusi, baridi, kavu au yenye majimaji yanayonuka, na ukiibonyeza kuku hashtuki.

Usaha nao si ule tuuzoeao. Jipu la mtu likitumbuliwa hutiririka. Chembe nyeupe za damu ya ndege hazina baadhi ya vimeng'enya vinavyoyeyusha usaha kwa binadamu, hivyo usaha wa kuku huganda ukawa donge la njano, gumu kama kiini cha yai lililochemshwa. Donge hilo haliyeyuki kwa vidonge wala kwa sindano, kwa kuwa dawa husafiri na damu na ndani ya donge hakuna mshipa wa damu. Mfugaji anaweza kumpa kuku dawa wiki nzima akashangaa uvimbe uko palepale. Lazima donge litolewe kwa mkono. Likiwa juu juu na tayari limeachia, maji ya chumvi na kibano safi hutosha. Likiwa limezama kwenye nyama au karibu na kiungo, ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye kisu na ganzi, maana mishipa ya bawa hupita karibu sana na ngozi.

Damu ya kuku ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Tetea wa kienyeji mwenye kilo moja na nusu ana kama mililita 100 tu, haijazi kikombe cha chai. Jeraha bichi linalovuja likandamizwe kwa kitambaa safi dakika tano hadi kumi bila kufunuafunua. Unyoya mchanga uliovunjika ni balaa jingine dogo: shina lake lina damu ndani, na damu hutona mfululizo. Unga laini wa mahindi ukibanwa kwenye shina hilo husaidia damu kuganda, ila unga usitiwe kamwe kwenye kidonda kirefu.

Kisha kuku aondolewe kwenye kundi. Rangi nyekundu huwavuta kuku wenzake, nao wakianza kudonoa hawaachi mpaka wafike kwenye nyama. Boksi pana lenye nguo kuukuu au pumba kavu, mahali pa joto pasipo na upepo wala moshi wa jiko, lamtosha. Mapafu ya ndege huumizwa na moshi upesi sana, kwa hiyo pembe ya jikoni, ambayo wengi huichagua kwa kuwa ina joto, haifai.

Kusafisha ndiyo kazi kubwa, na hapa Kigoma ina hazina ya kale. Huko Uvinza, mashariki mwa mkoa, chumvi imechemshwa kutoka chemchemi za maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kabla ya reli ilisafirishwa kwa vichwa vya watu na mitumbwi hadi kila upande wa ziwa. Kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi laini katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe hadi uvuguvugu hutoa maji yanayokaribia sana chumvi iliyomo mwilini, yasiyounguza kidonda. Kuku afungwe taulo, kichwa kifunikwe kidogo ili atulie, mtu mmoja amshike bila kumbana kifua na mwingine asafishe. Bomba la sindano lisilo na sindano hurusha maji kwa nguvu ya kutosha kutoa uchafu. Baada ya hapo, ayodini ya dukani izimuliwe mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea, ipakwe, ikauke. Asubuhi na jioni siku za mwanzo, kisha mara moja kwa siku kidonda kinapoanza kuwa chekundu na kisafi.

Manyoya yanayozunguka kidonda yakatwe kwa mkasi, yasing'olewe. Manyoya makubwa ya kurukia yameshikamana na mfupa wenyewe, na kuyavuta ni kumuongezea kuku jeraha la pili.

Yapo mambo ambayo mazoea ya nyumbani hushauri na mwili wa kuku huyakataa. Mawese ndiyo ya kwanza, kwa kuwa kila nyumba inayo. Mafuta hugandisha manyoya, yakazuia hewa inayompa ndege joto, yakafungia uchafu ndani na kukusanya vumbi la bandani. Sabuni ya mawese ya kienyeji ina magadi makali, inafaa nguo. Majivu huziba jeraha kwa juu huku chini likiendelea kuoza. Spiriti huunguza nyama changa inayojaribu kuota. GV ya zambarau ina sifa ya kuficha wekundu, lakini Marekani na Umoja wa Ulaya haziruhusu itumike kwa wanyama wanaoliwa, na tetea ni mnyama ambaye mayai yake yanaliwa. Asali halisi isiyochanganywa na sukari, kama ile ya misitu ya Kibondo na Kakonko, ni jambo tofauti: hukausha vijidudu kwa kuvuta maji yao, na ina asidi ambayo wengi wao hawaivumilii. Ipakwe kiasi kidogo kwenye kidonda kilichokwisha kusafishwa, na ifunikwe kwa shashi, la sivyo sisimizi watafika kabla ya kupona kufika.

Nzi wanahitaji kuangaliwa kwa namna ya pekee kwenye mitaa iliyo karibu na mialo. Wakitaga kwenye kidonda, mayai huanguliwa ndani ya siku moja na mabuu huchimba chini ya ngozi. Yatolewe moja moja kwa kibano, kidonda kioshwe tena, na kuku alazwe chini ya chandarua mchana na usiku. Petroli na mafuta ya taa, ambayo wapo wanaoyamwagia ili mabuu yatoke, huingia mwilini kupitia kidonda na kumtia kuku sumu.

Sasa mfupa. Bawa la kuku na mkono wa mtu vina mpango mmoja: mfupa mmoja kutoka begani hadi kiwikoni, miwili kutoka kiwikoni hadi kifundoni, kisha kiganja na vidole vilivyoungana. Ujiji inahifadhi kumbukumbu ya mtu aliyeishi na mfupa wa kwanza uliopona vibaya. David Livingstone, aliyekutana na Henry Stanley hapo mwaka 1871, alikuwa ameng'atwa na simba mwaka 1844 huko Mabotsa, Afrika Kusini ya leo. Simba aliuponda mfupa wa mkono wake wa kushoto na kumwachia alama 11 za meno. Mfupa haukuungana sawasawa, ukafanya kiungo cha bandia katikati. Mwili wake ulipofikishwa London mwaka 1874, baada ya watumishi wake, akina Chuma na Susi, kuubeba kutoka kijiji cha Chitambo hadi pwani, daktari William Fergusson aliutambua kwa mkono huo.

Livingstone aliishi miaka 29 na mkono wake. Kuku mwenye mfupa huohuo uliovunjika na kutoboa ngozi yuko hatarini zaidi, kwa sababu moja ambayo wafugaji wachache wanaambiwa: mfupa wa juu wa bawa la kuku hauna uboho, una hewa. Umeunganishwa na mifuko ya hewa iliyomo kifuani, ambayo ni sehemu ya mfumo wa kupumua. Uchafu ukiingia kwenye ufa wa mfupa huo unaweza kufika kifuani, na maji ya kusafishia yakisukumwa humo kwa bomba yanaweza kumzamisha kuku akiwa mikononi mwa anayemtibu. Mfupa ukionekana nje karibu na bega, mfugaji afunike kwa shashi yenye maji ya chumvi, asimwage kitu, na amtafute daktari siku hiyohiyo.

Mivunjiko ya chini ya kiwiko ambayo haikutoboa ngozi ni rahisi zaidi. Bawa likunjwe lilivyo kawaida linapopumzika, lifungwe kwa bandeji laini inayozunguka kwa umbo la nane, kisha lishikizwe mwilini kwa mzunguko mmoja au miwili inayopita chini ya kidari, bawa la pili lisiloumia likiachwa huru. Mkazo ndio wa kuogopa. Kuku hana kiwambo kati ya kifua na tumbo kama tulichonacho sisi. Anavuta hewa kwa kuusukuma mfupa wa kidari chini na mbele. Ukimfunga kifua kikaze, anakufa kwa kukosa pumzi huku mapafu yake yakiwa mazima. Kidole kipite kwa urahisi chini ya bandeji. Mifupa ya ndege huunga haraka, kwa kawaida wiki tatu hivi, na bawa likikaa kifungoni muda mrefu zaidi viungo hukakamaa.

Kuhusu dawa za kumeza, onyo la kwanza ni la vidonge vya maumivu vya binadamu. Diklofenaki inauzwa kila kona na imo kwenye mabegi mengi. Bara Hindi liliijua sumu yake kwa ndege kwa gharama kubwa: ng'ombe waliotibiwa kwa dawa hiyo walipokufa, tumbusi walikula mizoga, figo zao zikakwama, na aina tatu za tumbusi zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Sababu iligunduliwa na kuchapishwa mwaka 2004, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Kuku hawajasalimika nayo. Kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa tetea wa kilo moja na nusu ni zaidi ya mara tatu ya kipimo kilichoua nusu ya kuku katika majaribio. Daktari wa mifugo anayo meloksikamu, ambayo huipima kwa uzito wa kuku.

Viuavijasumu vina nafasi yake. Jeraha la meno ya paka, hata likiwa tundu la sindano, lihesabiwe kuwa la dharura, kwa sababu kinywani mwa paka mna bakteria aitwaye Pasteurella multocida, ambaye pia ndiye chanzo cha kipindupindu cha kuku. Louis Pasteur, ambaye jina la bakteria huyo limetokana naye, aliwatumia kuku wa ugonjwa huo mnamo 1880 kutengeneza chanjo ya kwanza ya vijidudu vilivyodhoofishwa maabara. Kuku aliyeng'atwa anaweza kufa ndani ya siku mbili kabla kidonda hakijaonyesha usaha, na hapo dawa ikianza mapema humwokoa.

Shida ni namna dawa inavyotumika. Unga wa OTC, kiuavijasumu cha mifugo, hununuliwa duka la dawa za mifugo, hutiwa kwenye maji ya kundi zima kwa kukisia, na kuku mgonjwa, ambaye hanywi maji ya kutosha, hupata kidogo kuliko wote. Chokaa na maganda ya simbi wanayopewa matetea huishika dawa hiyo tumboni isiingie kwenye damu. Matokeo ni kipimo hafifu, na kipimo hafifu huwafundisha vijidudu kuishi na dawa. Tanzania iliandaa mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea kwa miaka 2017 hadi 2022, na banda la nyuma ya nyumba ni sehemu ya vita hivyo sawa na wodi ya hospitali. Dawa itolewe kwa kipimo cha daktari, moja kwa moja mdomoni au kwa sindano, na imalizwe hata kuku akichangamka siku ya tatu. Mayai yake yasiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite. Hili linawahusu pia wenye hofu ya kibudu: kuku aliyepewa dawa jana akichinjwa leo, dawa ile inaliwa na watoto.

Chakula kinafanya nusu ya kazi. Joto la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hadi 42, na mwili unaowaka hivyo huku ukijenga nyama mpya hula akiba yake upesi. Dagaa wa Kigoma waliooshwa mchanga na chumvi, wakasagwa na kuchanganywa na pumba na mchicha, ni lishe ambayo wafugaji wa mikoa mingine hulipia nauli. Asipokula siku nzima, alishwe uji mwepesi kwa bomba, matone kando ya mdomo, asizibwe koo. Kutaga kutakoma kwa wiki kadhaa. Asiyejua hilo hudhani kuku ameharibika.

Kuna mabawa yasiyookoka. Ncha ikiwa nyeusi na baridi, daktari huikata kuku akiwa amelazwa kwa dawa, na wengi huishi maisha marefu baada ya hapo. Kurudi bandani kufanywe polepole: kwanza awekwe ndani ya tenga katikati ya wenzake siku chache waonane bila kudonoana. Jogoo akae mbali kwa muda, kwa kuwa tetea hutumia mabawa kujisawazisha anapopandwa, na mwenye bawa moja huangushwa na kuchubuliwa upya. Fito lake la kulalia lisizidi sentimita 30 kutoka sakafuni, na chini yake patandazwe pumba nene, maana kila alfajiri atashuka bila kuruka, akitua kwa miguu na kidari.